Benchi la Bibi Diwani

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata ya chai, Chiriku hupangusa benchi refu la kibarazani. Hakuna aliyemtuma, na siku hizi hakuna anayelikalia. Jina hilo la utani, Chiriku, alilipata kwa kupenda kuongea.

Bibi yake alikuwa diwani wa kata kwa miaka kumi. Enzi hizo, kila Jumamosi nyumba ilijaa pomoni. Huyu alilalamikia mtaro, yule taa ya barabarani, na wengine, tuseme ukweli, walifuata umbea tu. Bibi aliandika kila neno kwenye daftari, kisha akamsomea mwenyewe: "Ndivyo ulivyosema?" Mwenye neno akikubali, ndipo Bibi alipolipeleka kwenye baraza la madiwani.

Mwaka jana kura hazikutosha. Watu wakahamia kwa diwani mpya, mtaa wa pili. Bibi akabaki na daftari mapajani, macho getini.

Chiriku uvumilivu ulimshinda. Ijumaa, akipita dirishani kwa jirani mshonaji, alichomekea, "Mama Cherehani, hujasikia? Bibi karudishwa udiwani!"

"Wee! Lini?"

"Juzi. Ila usimuulize, hapendi makuu."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshapata habari.

Kesho yake benchi lilijaa, wengine wakakaa kwenye ndoo. Bibi alidhani wamemkumbuka tu. Akavaa miwani, akacheka kama zamani, akafungua daftari.

"Bomba letu limekauka wiki ya tatu," alisema fundi baiskeli. "Tunachota mtaroni, na mwanangu anaharisha. Kwa yule mpya hatujaenda, tunakutegemea wewe. Kikao si Jumatatu, mheshimiwa?"

Kalamu ikasimama. "Mheshimiwa? Nani kawaambia mimi ni diwani?"

Mama Cherehani akamkodolea macho Chiriku. Chiriku alitamani kunyamaza, nyumba ikae hivyo hivyo, imejaa. Lakini nani angelisema la bomba Jumatatu?

"Ni mimi, Bibi," alisema. "Jana nilimdanganya Mama Cherehani, dirishani kwake. Nilitaka watu waje tena."

Bibi akavua miwani. "Baba yangu alinisimulia kuwa enzi za ukoloni, madiwani wa kwetu waliteuliwa na mkubwa mmoja ofisini. Wananchi hawakuulizwa. Kazi ya madiwani hao ilikuwa kuitikia, 'Ndiyo, bwana.' Tukadai kura, ili diwani awe mtu tuliyemtuma wenyewe. Sasa wewe jana umeniteua peke yako, dirishani kwa mshonaji! Una tofauti gani na yule mkubwa?"

Bibi akalichukua daftari. "Haya, inukeni. Twende kwa diwani wenu."

Wakaenda kundi zima. Diwani mpya alilipokea daftari kwa mikono miwili, akasoma, kisha akauliza, "Ndivyo ulivyosema, fundi?" Bibi akageuka pembeni, akafuta miwani isiyokuwa na vumbi.

Jumatatu neno lilifika kwenye baraza la madiwani. Alhamisi bomba likatoa maji.

Jumamosi Chiriku akapangusa benchi tena. Kisha wakaketi hapo, yeye na Bibi, macho getini.

"Kiti cha udiwani ni cha wananchi, mjukuu wangu. Wao hukitoa, wao hukichukua. Hata mimi nawakumbuka watu wangu. Lakini nyumba iliyojazwa kwa uongo haidumu kujaa hata muda wa chai kupoa."

"Na benchi, Bibi?"

"Hilo ni letu."

Geti likalia. "Hodi!" aliita Mama Cherehani. "Leo sina malalamiko. Nina umbea tu."

"Chiriku," Bibi alisema, akijisogeza haraka, "mpishe mgeni akae."