Simu za Daktari wa Meno

Fundi wa makochi alikuwa akipenya msongamano wa sokoni, kiti begani na sigara mdomoni, alipogongana na dada mmoja aliyevaa gauni la njano. Jivu likamwangukia dada begani. Fundi akaomba radhi na kujiandaa kutukanwa, lakini yule dada alikuwa amemkazia macho mdomoni.

"Fizi zako hutoka damu ukipiga mswaki?"

Fundi akakiri, asijue kwa nini anakiri. Kumbe dada wa watu alikuwa daktari wa meno, kliniki yake ghorofani juu ya duka la vitambaa. Jumanne fundi akajikuta kwenye kiti chake, mdomo wazi. Daktari alimshikia kioo, akamwonyesha doa jeupe ndani ya shavu. Hakumgombeza. Aliuliza anavuta ngapi kwa siku, na ipi ngumu kuiacha. Ile ya chai ya asubuhi, fundi akasema. Wakapanga siku ya kuacha, akapewa chingamu za dawa, akaambiwa hamu ikimbana anywe maji, asubiri dakika tano, na ikizidi apige simu.

Alipiga. Punde daktari akawa anapiga yeye, kila asubuhi saa ya chai. Walianza na habari za sigara, baadaye wakasahau hata kuzitaja. Daktari akamwita fundi mbishi wangu, naye akaitwa mama koleo. Fundi akaanza kuchana ndevu kabla ya kupokea, kana kwamba simu ina macho.

Wiki ya sita alipokwenda kuangaliwa, alimkuta daktari mwingine, mzee wa miwani. Mzee akamwambia doa limeanza kufifia, na kwamba faili lake limehamishiwa kwake kwa ombi la daktari mwenyewe. Fundi akashuka ngazi kichwa kikimzunguka. Amemchosha? Amevuka mpaka? Na zile simu zote zilikuwa dawa tu? Akavuta mbili mfululizo, akazima simu siku tatu.

Siku ya nne daktari akatokea karakana, bila koti jeupe, akasimama katikati ya sponji na misumari.

"Nimevuta," fundi akasema kabla ya salamu. "Mbili."

"Kuteleza si kuanguka. Kesho tunaanza tena. Ila simu umezima kwa nini?"

"Si umenikabidhi kwa mzee? Nikajua nilikuwa mgonjwa kama wengine."

Daktari akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa. "Wengine nawapigia mara moja kwa wiki. Wewe kila siku, mpaka nikajishtukia. Siwezi kukutibu huku moyo unanidunda. Ndiyo maana nikakupeleka kwa mwenzangu."

Fundi alisimama na nyundo mkononi, asijue anafukuzwa au anachumbiwa.

"Kwa hiyo mimi sasa ni nani wako?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza."

Fundi akatafuta maneno mazuri, yakamkimbia yote. Akasema lililobaki.

"Jumapili mama yangu yuko nyumbani. Nataka akuone."

Daktari akainamisha uso, akanyoosha magotini gauni ambalo halikuwa limejikunja, kisha akauliza saa ngapi.