Daftari la Miche Mitatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Karani alimwagilia kila mche kopo moja la maji, akachuchumaa, akatazama, kisha akaandika. Karani halikuwa jina lake. Bibi ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu tangu mama amkabidhi daftari la miche alitembea nalo kwapani kama mtu mwenye ofisi.

Miche ilikuwa mitatu, kila mmoja katika ndoo iliyotobolewa chini, kando ya ukuta wa jikoni. Mama alikuwa ameibebesha: alikata kila mche kwa juu, akaupasua kidogo, akachomeka kijiti kutoka kwenye mwaprikoti wao mkubwa, kisha akafunga maungio kwa utepe wa plastiki. Mwaprikoti huo ulipandwa na marehemu babu. Matunda yake ya rangi ya chungwa, yenye ngozi laini kama shavu la mtoto, hayakupatikana kwingine mtaani. Kupanda kokwa hakutoshi, mama alieleza, kwa kuwa mti wa kokwa huweza kuzaa tunda tofauti. Ili kupata tunda lile lile, lazima kijiti cha mti wenyewe kishike kwenye mche.

Na mti wenyewe ulikuwa hatarini. Shina lilikuwa limeoza ndani na kuinamia paa la chumba cha bibi.

"Ninakwenda kwenye mafunzo wiki tatu," alisema mama, ambaye kazi yake ilikuwa kupima damu katika maabara ya hospitali. "Usifungue utepe hata kidogo. Andika rangi ya kijiti, basi. Vikibaki vibichi hadi siku ya kumi na nane, nitamwita fundi wa msumeno aukate mti. Vikikauka, mti utasubiri. Bibi atahamia chumba chako mpaka nirudi nibebeshe mingine."

"Nimeelewa, mama."

Siku ya saba alikuja mtoto wa jirani, ambaye darasa zima lilimwita Mbishi.

"Sasa hiyo ndiyo miti?" aliuliza. "Mimi naona vijiti vya kiberiti vimefungwa bandeji."

"Vimeshikana ndani."

"Umeona?"

Karani hakuwa ameona. Alifungua utepe wa kwanza ili amnyamazishe, na kijiti kikabaki mkononi mwake. Mbishi alikitazama, akakumbuka kwamba ametumwa dukani.

Karani alijaribu kukirudisha, kikalegea. Akafungua mche wa pili ili aone mama alivyokichonga kijiti na kukichomeka. Nacho kikachomoka. Akafungua na wa tatu, ikawa vile vile. Alivirudisha vyote, akakaza utepe mpaka vidole vikauma, kisha akaandika: *Siku ya 7. Vibichi vyote.* Wakati huo ilikuwa kweli.

Siku ya kumi ngozi ya vijiti ilikuwa imejikunja. Siku ya kumi na mbili vilikuwa vya kahawia. Daftari liliendelea kusema vibichi.

Jioni ya siku ya kumi na nane simu iliita.

"Nisomee," alisema mama.

"Wa kwanza, kibichi. Wa pili, kibichi. Wa tatu..." Alifunika ukurasa kwa kiganja. "Kibichi."

"Vizuri sana. Jumamosi ninarudi. Nitampigia fundi."

Bibi, ambaye macho yake hayakuona mbali, alicheka kitandani. "Karani wangu, ukiendelea hivi utanipa na mimi cheti cha ubichi."

Usiku ule Karani hakula. Siku mbili zilizofuata aliamka akiwa ameamua kusema, na kila alipofungua mdomo alitamka jambo lingine.

Jumamosi fundi alifika asubuhi. Alifunga kamba kwenye shina, akawasha msumeno. Karani alisimama mlangoni na kujiambia kwamba atasema fundi akipumzika. Fundi hakupumzika. Kabla ya saa nne mti ulikuwa chini, na matawi yakaanza kupakiwa kwenye gari dogo. Yalikuwa yakipelekwa kwenye tanuri la kuoka mikate.

Mama aliingia getini na begi lake huku dereva akiwasha injini.

"Mama," alisema Karani. "Vimekufa vyote. Nilivifungua siku ya saba. Nimekuwa nikiandika uongo."

Mama aliitazama miche, akalitazama gari. Alikimbia mbele ya gari, akainua mkono.

"Zima, kaka. Nahitaji matawi kabla hujaondoka."

"Dada, tanuri linanisubiri."

"Dakika tano tu."

Baridi ya mwaka huo ilikuwa imechelewa kuisha, na machipukizi yalikuwa bado yamefumba. Hilo ndilo lililowaokoa, kwa kuwa kijiti hushika vizuri kikikatwa kabla hakijachipua. Mama alichagua vitawi tisa vyembamba, akavifunga kwenye gazeti lililoloweshwa maji. Gari liliondoka na yaliyobaki.

Alasiri aliikata miche chini kidogo ya maungio ya zamani na kuibebesha upya. Karani alimshikia utepe mpaka fundo la mwisho.

"Ungesema ukweli, bibi angelala chumbani kwako, na mti ungekuwa umesimama," alisema mama hatimaye. "Nimeukata kwa sababu ya maneno yako. Unalijua hilo?"

"Najua. Nifute kurasa za uongo?"

"Usifute. Piga mstari, andika ukweli pembeni, na tarehe ya leo."

Wiki tano baadaye, majani mawili madogo yalichomoza kwenye mche wa kwanza, na moja kwenye wa tatu. Karani alikagua wa pili kwa muda mrefu, kisha akaandika: *Umekufa.* Akampelekea mama daftari bila kuitwa.

Mama alisoma mpaka mwisho.

"Kule maabara vipimo huharibika, na tunapima tena," alisema. "Kilichoharibika hurekebishika kikisemwa. Lakini daktari akipewa jibu la uongo, anamtibu mgonjwa kwa ugonjwa asio nao. Ukikosea, mwanangu, sema siku ile ile, wakati mti bado umesimama."

Alimrudishia daftari. "Sasa kaimwagilie. Hata ule wa pili, tuone kama mizizi itachipua tuubebeshe tena."