Watazamaji wa Kwenye Kapu

Kila Jumamosi asubuhi Murielle alifagia saluni ya mama yake, akakunja taulo, akapanga vitana, kisha akaweka kapu la simu nyuma ya kaunta. Kapu hilo lilikuwa kazi yake. Kusuka rasta huchukua nusu siku nzima, na vibaka wa Yeoville, mtaa wao wa ugenini, hawana likizo, basi wateja waliacha simu zao humo zichajiwe. Walimwachia na namba za siri, ili ndugu walioachwa Kongo wakipiga apokee haraka na kuwapelekea kitini. Nani asingemwamini? Mtoto wa Mama Gradi, msichana wa miaka kumi na miwili asiyejua hata kujibu wakubwa!

Huyo Gradi ndiye kaka yake, na kelele zote za nyumbani zilikuwa zake. Mwaka huo alikwenda kusoma chuo huko Polokwane, akaondoka nazo. Shuleni wenzake Murielle walikuwa na marafiki wao tangu chekechea, wakipiga soga kwa Kizulu cha mbio asichokiweza. Mama naye mikono yake ilikuwa kwenye vichwa vya watu tangu asubuhi hadi jioni. Murielle alikuwa mpweke, tena mpweke kwelikweli, na hakumwambia mtu.

Ila Jumamosi mchana alikuwa na Gradi wake. Chuo kilikuwa na chaneli ya michezo iliyorusha mechi za wanafunzi mtandaoni, na Gradi alicheza beki wa kushoto. Mama alimruhusu kutazama mechi moja kwa simu yake ya zamani. Murielle alimwona kaka yake akifunga kamba za viatu, akibishana na refa, akijifuta jasho kwa fulana, jambo alilokatazwa miaka yote nyumbani. Mara nyingine kamera ilimpita bila kusimama. Hata hivyo alitosheka.

Siku moja, wakati wa mapumziko, mtangazaji akasema jambo lililomkata maini. Watazamaji ni wachache mno, alisema, na wadhamini wameanza kuondoka. Idadi isipopanda kabla ya msimu kuisha, chaneli itafungwa.

Jioni Gradi alipompigia Mama, Murielle alimwomba Mama amwulizie habari hiyo. Gradi akaeleza kwamba kamera, gari la mitambo na mshahara wa mtangazaji hulipwa kwa matangazo, na mwenye duka la viatu hawezi kutoa hela yake aonyeshe viatu kwa viti vitupu. Ndiyo maana wanaitazama ile namba iliyo chini kwenye kioo cha simu, inayohesabu simu zilizofunguliwa. Halafu akasema ana mtihani, akakata.

Usiku huo namba ile haikumtoka kichwani. Kama inahesabu simu, basi yeye anazo kapu zima!

Jumamosi iliyofuata alichukua simu moja moja, akafungua mechi, akazima sauti, akazilaza kifudifudi na kuzifunika kwa taulo. Namba ikapanda. Wiki ya pili ikapanda tena, maana wateja walikuwa wengi, na mtangazaji akawashukuru watazamaji wapya kwa moyo wao. Murielle alitabasamu peke yake nyuma ya kaunta. Halafu akalitazama kapu. Simu zote zile zilitazama mpira bila macho, na yeye bado hakuwa na hata mtu mmoja wa kumwambia, "Umeona? Yule beki ni kaka yangu." Furaha yenyewe ikamwisha mdomoni. Lakini hakuacha.

Wiki ya tatu alikuja Mama Orpha, mshonaji wa jirani, mwanamke wa Uvira kule Kongo, mwenye utani usiokwisha. Siku hiyo hakutania. Alimpa Murielle simu, akamwambia ilikuwa na bando jipya la intaneti, na kwamba dada yake angepiga kwa mtandao wakati wowote. Murielle aliitikia vizuri tu. Kisha akaitia kwenye kapu pamoja na nyingine, akaifungulia mechi. Simu ya Mama Orpha haikulia hata mara moja hadi kichwa kilipokwisha kusukwa.

Jumatatu, Murielle alipotoka shule, alimkuta Mama Orpha saluni, amekaa kwenye kiti cha wateja bila kusukwa, analia. Mama alikuwa amemshika bega.

"Mama yangu alikuwa anaingia kupasuliwa," Mama Orpha alisema. "Dada alipiga mara nyingi, simu haikuingia. Bando lilikuwa limekwisha. Mama akasema, 'Mwacheni mtoto wangu, labda amechoka na sisi,' akaingizwa hivyo. Ametoka salama, nashukuru Mungu. Lakini kosa ni langu. Asubuhi ile, kabla ya kuja kusukwa, nilituma picha za nguo kwa wateja, nikalimaliza mwenyewe kwa ujinga wangu."

Mama akambembeleza, akisema bando za siku hizi huyeyuka, mtu asijilaumu.

Murielle alisimama mlangoni na begi mgongoni. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kupita zake ndani, na jambo likaishia hapo. Lakini alimsikia Mama Orpha akijiita mjinga kwa mara ya pili, akalitua begi.

"Si wewe, Mama Orpha," alisema. "Ni mimi. Nilifungua mpira kwenye simu yako. Kwenye simu za wote."

Akaeleza yote, huku analia. Mama Orpha alifuta uso, akatoa simu, akapiga.

"Mama yangu yuko kitandani, anasikia," alisema. "Mimi sitamweleza. Utamweleza wewe."

Murielle akaishika simu kwa mikono miwili. Alimwambia bibi asiyemjua kwamba mwanawe hakuchoka naye, kwamba mwizi wa bando ni yeye. Upande wa pili kulikuwa na pumzi nzito ya mgonjwa. Kisha sauti nyembamba ikasema, "Kumbe hakunikataa. Asante kwa kunirudishia mtoto wangu. Usirudie, mjukuu."

Mama Orpha alikaa siku kadhaa bila kumsemesha Murielle. Jumamosi, kwa amri ya Mama, Murielle alimwomba msamaha kila mteja, mmoja mmoja, na kazi ya kapu akanyang'anywa. Wengine walimsamehe hapo hapo. Wengine walisukwa wakiwa wameshika simu zao mapajani, na hilo lilimtia haya hadi masikioni.

Chaneli nayo ilifungwa msimu ulipokwisha. Ila Mama hakungoja mpaka siku hiyo. Jioni ya Jumamosi ile ya kuomba msamaha alimpigia Gradi, akamwambia kila kitu.

"Mimi nilidhani Murielle ana marafiki huko, hana haja nami," Gradi alisema. "Hata hapa chuoni nakula peke yangu. Mwambie nitampigia kila baada ya mechi, yeye, si wewe."

Mama alikata simu, akazima taa za saluni, akamketisha binti yake na kumpa ahadi hiyo ya kaka yake.

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Ulikuwa na upweke ukauficha, ukaona afadhali uibe. Aliyekuamini ndiye uliyemwumiza kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyekufungulia mlango. Na macho uliyoyakusanya kwenye kapu, hata mawili yalikuona wewe?"

"Hapana, Mama."

"Basi siku nyingine ukikosa mtu, sema umemkosa. Hata nikiwa nasuka, nina masikio."

Murielle akamlalia begani. "Nimemkosa Gradi," alisema.

"Na mimi," Mama akajibu. "Kila siku."