Chiriku na Chupa ya Tina

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala chakula chake, kisha akaenda uani kuosha brashi za baba yake. Baba alikuwa fundi rangi. Brashi za jana zililala ndani ya kopo zikiwa zimekakamaa, na Chiriku alizilainisha kwa tina, ile dawa kali ya kuchanganyia rangi ya mafuta, ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na maji.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa kuwa alikuwa hanyamazi. Alizungumza akila, akifua, hata akipiga mswaki.

Baba alikuwa na sharti moja tu: tina inayobaki irudi kwenye debe lake la chuma, si penginepo. Siku moja mfuniko wa debe ulikuwa umekaza kwa rangi iliyoganda, na nje wenzake walikwisha kuanza kuruka kamba.

"Chiriku! Zamu yako inapita!"

Akaimimina tina kwenye chupa tupu ya maji, akaiacha dirishani, akatoka mbio. Nitairudisha baadaye, alijiambia.

Alipoitwa ndani, mdogo wake Kibonge alikuwa mapajani mwa bibi akikohoa mpaka mwili unajikunja. Macho yalikuwa mekundu, mate yanamtoka. Sakafuni zilitapakaa karanga alizokuwa akila.

"Amepaliwa na karanga!" bibi alilia.

Jirani yao mshonaji aliingia na utepe wa kupimia ungali shingoni. Alimpiga Kibonge mgongoni, lakini hakikutoka kitu.

Chiriku aliona kingine. Chini ya dirisha palikuwa na kigoda, na kando yake chupa imelala, haina kifuniko. Akafungua mdomo, na sauti haikutoka.

"Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?" mshonaji alimkemea. "Lete shuka, tumpeleke zahanati!"

Njiani alitaka kusema. Akasita. Akataka tena, akasita tena. Moyo mmoja ulimwambia, sema sasa hivi. Moyo wa pili ukamwambia, ukisema utakuwa umemuua wewe. Labda hakunywa. Labda ni karanga kweli. Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi, yakageuka yakarudi tumboni.

Zahanati, muuguzi alimpokea mtoto, akakunja pua. "Mbona ananuka rangi?"

"Ndivyo tunavyonuka sote, binti yangu," bibi alijibu huku akihema. "Baba yake ni fundi rangi. Hata chai yetu inanuka rangi."

Ilikuwa kweli. Watu wa nyumba ile walikwisha kuizoea harufu ya tina, hawakuisikia tena. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Kibonge alianza kupumua kwa shida, kifua kinaingia ndani, midomo imepauka. Bibi alimwita, "Kibonge! Kibonge wangu!" wala mtoto hakugeuza macho. Chiriku alikwenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Alitafuna kucha mpaka kidole kikatoka damu.

"We mtoto, tulia!" mshonaji alisema. "Unaingia unatoka kama mchuuzi!"

Muuguzi akamtazama. "Una la kusema?"

"Mimi... yaani... ile..."

"Usibabaike. Sema."

Chiriku akamtazama bibi, machozi yanamtiririka mzee wa watu. "Hapana," akanong'ona.

Daktari akaingia. "Kama ni karanga, lazima niangalie kooni. Mshikeni vizuri, huenda akatapika kidogo."

Kutapika! Chiriku aliganda. Baba aliwahi kusimulia habari za fundi mwenzake aliyezoea kuvuta tina kwa mdomo kutoka kwenye pipa kwa mpira. Siku moja akaimeza, wenzake wakamtapisha, na kila alichotapika kikapotelea mapafuni. Hakushika brashi tena maishani mwake.

Chombo cha kuangalia koo kikagusa mdomo wa Kibonge.

"Asitapike!" Chiriku alipiga ukelele. "Si ka-karanga! Ni tina! Niliitia mimi, kwenye chupa ya maji!"

Mkono wa daktari ukasimama hewani. "Kiasi gani?"

"Ilikuwa chini ya nusu. Iliyobaki... sijui. Nyingine imemwagika."

Pale pale mambo yakageuka. Nguo za Kibonge zikavuliwa, akaoshwa, akawekewa hewa puani, akakimbizwa chumba cha ndani. Mlango ukafungwa.

Walisubiri kwenye benchi. Kila mlango ulipolia, wote watatu waliinuka. Kila mara ilikuwa mtu mwingine. Chiriku aliomba kimya kimya, hata maneno ya kuombea hakuyapata.

Hatimaye muuguzi akatoka akijifuta paji la uso. "Anapumua vizuri. Atalala hapa tumwangalie. Mngemtapisha, ningekuwa nawaambia mengine."

Bibi akaangua kilio kikubwa. Alipokwisha, akamvuta mjukuu wake.

"Bibi, nilitaka kusema tangu nyumbani. Nilisita."

"Nilikuona, nikadhani ni uchungu wa mdogo wako. Sikiliza, mjukuu wangu. Kusita si kubaya. Anayesita ukingoni mwa shimo hupona. Wewe ulipaswa kusita uani, chupa ikiwa mkononi. Pale hukusita, ulimimina kama mtu anayefukuzwa. Ulipofika mahali pa kusema, ndipo ukaanza kusitasita, na huku mwenzio anazidi kuzama."

"Niliogopa. Ulimi ulikuwa unababaika."

"Basi ubabaike! Maneno yatoke yamepinda, yatoke nusunusu, alimradi yatoke. Hakuna mtoto aliyekufa kwa sababu dada yake alisema kwa kigugumizi. Wanaokufa ni wale ambao dada zao walinyamaza."

Mara baba, aliyefuatwa kazini, akaingia mbio, ovaroli imejaa rangi, uso hauna damu. Akaambiwa mtoto alikunywa tina iliyokuwa kwenye chupa ya maji, lakini yu hai. Akashika ukuta, akavuta pumzi.

"Nani aliitia tina kwenye chupa?"

Mshonaji akatazama dari. Bibi naye akamwachia mjukuu wake ajibu. Moyo wa pili ukaanza tena kumnong'oneza Chiriku. Hakuungoja umalize.

"Mi-mimi, baba."

Baba akaketi kwenye benchi, akamwonyesha nafasi ya pembeni yake.

"Kaa hapa. Anza mwanzo, uniambie yote."

Chiriku akakaa, na kwa sauti iliyotetemeka tangu mwanzo hadi mwisho, akasema yote.