Ndoo Iliyofunikwa kwa Leso

Kabla ya kuvaa sare ya shule, Mwanarusi alikuwa na kazi tatu kila asubuhi: kusikiliza bomba, kukuna nazi na kumpigapiga nyanya yake mgongo.

Bomba lilisikilizwa kwa sababu mwaka ule wa 1996 maji ya Mji wa Kale yalikuja yalipotaka yenyewe. Zilipita siku nne, tano, hata tone halionekani. Kisha asubuhi moja bomba likaguguma, likatema kutu, likamwaga maji kwa muda mfupi na kukauka tena. Nazi ilikunwa kwa ajili ya mbaazi ambazo nyanya yake, Bi Mwanakombo, aliziuza mlangoni pamoja na mahamri. Na mgongo ulipigwa kwa sababu ya moshi. Jiko lao la kuni lilikuwa katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, na kila nyanya alipoinama kupuliza moto, kikohozi kilimbana hata akashika ukuta asianguke.

"Daktari alisema uache moshi, nyanya," Mwanarusi alimwambia.

"Daktari hakusema mbaazi nizipikie nini," nyanya akajibu, akijifuta macho kwa ncha ya leso. "Hebu maliza hiyo nazi, mwanangu, wateja hao waja."

Ndiyo maana Bi Truphosa alipoingia Kichochoro cha Misumari na habari ya gesi, hakuna aliyemsikiliza kama Mwanarusi.

Bi Truphosa alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye viatu vya kazi na sauti ya mwalimu. Alifanya kazi na mradi mmoja uliotaka kujenga mtambo katika kiwanja kitupu mwisho wa kichochoro, pale nyumba kuukuu ilipobomoka. Aliwakusanya wanawake barazani akawaeleza: maganda, machicha ya nazi, ukoko wa wali na makombo yangetiwa ndani ya tangi, yakaoza humo, na gesi yake ingepitishwa kwa bomba hadi jikoni.

"Gesi ya maganda!" alishangaa Bi Mwanakheri, jirani wa mkabala, aliyekaanga muhogo jioni kule ufukweni Mama Ngina. "Na mimi maganda yangu miaka yote nawapa mbuzi bure!"

"Basi mbuzi wako ndio wenye gesi," mwenzake akamtania, na baraza zima likacheka.

"Haitalipuka? Haitanuka?" wengine wakauliza.

Bi Truphosa alijibu yote. Kisha akasema lililo kubwa. Mtambo ulikuwa mmoja, na mitaa iliyoutaka ilikuwa mingi. Mtaa wao ungejaribiwa kwa siku saba, kuanzia Jumatatu ile hadi Jumapili jioni. Kila nyumba, kati ya nyumba thelathini, ingepewa ndoo mpya ya kijani yenye kifuniko, ya kuwekea mabaki ya chakula. Zikipatikana kilo mia tatu, mtambo ungejengwa hapo. Zisipopatikana, ungepelekwa kwingine.

"Nani hapa ana mwandiko mzuri?" akauliza.

Vidole vyote vikamwelekea Mwanarusi. Akapewa daftari la majina ya nyumba, na kazi ya kupita kila jioni kuwakumbusha watu.

"Nitahakikisha kila ndoo inatumika, Bi Truphosa," alisema, mkono kifuani.

Kesho yake, Jumanne alfajiri, bomba likaguguma.

Mwanarusi aliruka kitandani. Alijaza mtungi, akajaza masufuria mawili, akajaza na jerikeni lililopasuka mpini. Maji bado yalimiminika. Siku sita walikuwa hawajayaona! Alitazama huku na huku, akaiona ndoo ya kijani pembeni: safi, nzito, kifuniko chake kinabana kiasi kwamba hata mende hapiti. Ndani mlikuwa na konzi moja tu ya machicha.

"Leo tu," alijiambia. Akayamwaga machicha, akaisuuza ndoo, akaijaza hadi juu. Halafu, kwa vile moyo ulimsuta, akaifunika kwa leso ya nyanya yake.

Alipoinua kichwa, Bi Mwanakheri alikuwa dirishani mwake, ng'ambo ya kichochoro, anamtazama.

"Ala! Mwenye daftari mwenyewe!" alisema, akacheka.

Wanaokijua Kichochoro cha Misumari wanajua kwamba neno likitoka dirishani kwa Bi Mwanakheri halihitaji gari. Chai haijachemka, nyumba zote zilikwisha kujua. Na kwa kuwa mwenye daftari ndiye aliyeanza, nani angeogopa? Nani angeacha ndoo mpya ya kifuniko ikae na maganda ya vitunguu, na maji yanapita? Ilipofika saa mbili, karibu kila ndoo ya kijani ilikuwa imejaa maji na kusukumwa chini ya kitanda.

Alhamisi Bi Truphosa alikuja na mizani. Kichochoro kizima kilimpa kilo kumi na moja.

"Ndoo ziko wapi?" akauliza.

Wanawake walitazamana. Kusema kwamba vyombo vya mradi vimegeuzwa mitungi ilikuwa aibu, tena mbele ya mgeni.

"Zimeibiwa," mmoja akasema kwa sauti ndogo.

"Na yangu," akadakia mwingine. "Na yangu pia," wa tatu akasema.

"Zote? Na nani?"

Hakuna aliyetaja jina. Lakini wakati ule ule Kazungu alikuwa anapinda kona na mkokoteni wake wa majerikeni. Kazungu ndiye aliyewauzia maji bomba lilipokauka. Aliingia kila nyumba hadi uani, akamimina, akatoka. Macho yote yakamwendea yeye, na macho yale yalitosha.

Mzee Abdulhalim, mwenyekiti wa mtaa, alimwita kando. Alikuwa na harusi ya binti yake Jumapili, hakutaka ugomvi. "Kazungu, mwanangu, usiingie huku kwanza, mpaka jambo hili lijulikane."

Kazungu aliiachia mikono ya mkokoteni. "Mzee, mimi kazi yangu ni kuuza maji. Nikiwaibia ndoo, maji yangu mtayatia wapi? Viganjani?"

Kazungu aligeuza mkokoteni pale penye wembamba, gurudumu likikwaruza ukuta, akaenda zake. Mwanarusi alisimama mlangoni na daftari kifuani. Alimtazama mpaka akapinda kona.

Jioni alimweleza nyanya yake yote.

"Najua," nyanya alisema. "Mimi si kipofu. Leso yangu naijua."

"Basi niende nikaseme?"

Nyanya alikohoa kwanza, kikohozi kirefu. "Ukisema, utawaumbua wanawake wa mtaa mzima. Hao ndio majirani zetu. Nikiugua, ndio wanaoniletea uji. Nyamaza, mwanangu. Yatapita."

Hayakupita. Ijumaa bomba lilikuwa kavu, ndoo za chini ya vitanda zilikuwa zinaelekea kukauka, na Kazungu hakuwepo. Wachuuzi wengine wa maji walipoombwa waingie walisema, "Huko kwenu tutaambiwa wezi." Mwanarusi alikwenda kisimani mara tatu na jerikeni bovu, mpini ukimkata kiganja, akachelewa shule na kusimamishwa nje ya darasa. Maji yenyewe yalikuwa ya chumvi, hata mbaazi zilikataa kuiva. Zilikaa motoni muda mrefu zaidi, kuni zikaenda nyingi zaidi, na moshi ukawa mwingi zaidi. Mwanarusi alimpiga nyanya yake mgongo, akahisi mifupa chini ya mkono wake. Alilitaka lile jiko la gesi kuliko alivyowahi kutaka kitu, naye ndiye aliyelipoteza. Akisema, anawaumbua majirani. Asiposema, Kazungu ni mwizi. Alijilaza akalia kwa sauti ya chini, asijue ashike lipi.

Jumamosi asubuhi Bi Truphosa aliitisha mkutano barazani kwa Mzee Abdulhalim. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Nimekuja kuaga," alisema. "Mabaki hayapo, ndoo hazipo. Mtambo utakwenda mtaa mwingine. Tena wakubwa wangu wanataka jina la aliyeiba, niliandike."

Kazungu alikuwa amekuja pia, amesimama mbali, kofia mkononi. "Jina langu mnalijua," alisema. "Mkiliandika, hakuna mtaa katika kisiwa hiki utakaonifungulia mlango. Nina watoto, ndugu zangu. Semeni kama kuna aliyeniona."

Mwanarusi alimtazama nyanya yake, na nyanya hakumtazama. Ndipo msichana yule akaondoka, akaingia ndani kwao.

Alitoka na ndoo kichwani.

Ilikuwa nzito kwa maji ya kisimani, shingo ilimtetemeka, na maji yalimchuruzika usoni hata isijulikane yapi ni maji na yapi ni machozi. Alipita katikati ya watu, akaitua mbele ya Bi Truphosa, akavuta leso.

"Hii ni yetu," alisema. "Niliijaza maji Jumanne. Kazungu hakuiba. Mwizi ni mimi, si mwingine."

Hakutaja nyumba yoyote ila yao. Kisha nyanya akainuka, kwa shida, akaja kusimama nyuma ya mjukuu wake.

"Nami nilijua, nikamfunga mdomo," alisema. "Kazungu, niwie radhi."

Bi Mwanakheri alipiga kofi paja lake. "Ah! Basi mwaniacha mimi nionekane mwema? Yangu iko chini ya kitanda, na samaki nimemwoshea humo!" Watu wakaangua kicheko, na baada ya kicheko ikawa rahisi. Mmoja mmoja wakasema, "Na mimi." "Na kwetu."

"Lakini kwa nini hamkuniambia?" Bi Truphosa alilalama. "Kwa nini msiseme hamna vyombo vya maji?"

"Kwani ulituuliza, mama?" akajibu Bi Mwanakheri. "Ulituuliza maganda. Ungetuuliza maji, tungekukesheza kwa maneno."

Bi Truphosa aliketi. Alitoa karatasi ya mchoro mkobani, akaikunjua. "Mtambo wenyewe unahitaji maji," alisema polepole. "Kila ndoo ya mabaki huchanganywa na ndoo ya maji. Hapa tumeandika: maji yatatoka bombani."

"Bomba lipi?" wakauliza wanawake wote kwa pamoja, na hata Kazungu akacheka.

"Mungechora bure," nyanya alisema. "Lakini, mwanangu, lazima yawe safi? Kila siku twaosha mchele, twaosha vyombo, maji yake twayamwaga mferejini. Hayafai hayo?"

"Yanafaa sana," Bi Truphosa alisema, na kalamu ikaanza kukimbia.

"Na ndoo tuachieni za maji," akaongeza Bi Mwanakheri. "Maganda yanataka ndoo mpya kwani ni bibi harusi? Debe kuukuu la samli latosha."

Zilibaki siku mbili. Kila nyumba ilitoa debe. Kazungu alisimama kidogo, akamtazama Mzee Abdulhalim mpaka mzee akamwomba radhi mbele za watu. Ndipo akauleta mkokoteni ndani ya kichochoro. Mchana ule nyumba ya Mzee Abdulhalim ilijaa wanawake wa kumenya kwa ajili ya harusi, magunia ya viazi, vitunguu, ndizi mbichi, huku umbea ukienda sambamba na visu. Mwaka mwingine maganda yale yangetupwa. Mwaka ule Mwanarusi alipita katikati ya magoti yao na debe, hakuacha hata ganda la kitunguu saumu. Bi Mwanakheri alileta ya muhogo, mbuzi wake wakimfuata kwa malalamiko. Jumapili, baada ya biriani, mabaki ya sahani yalikusanywa nayo.

Jioni Bi Truphosa alipima. Kilo mia mbili na tisini na sita.

Watu waliguna. Nyanya akaingia ndani, akatoka na bakuli kubwa la machicha ya siku mbili, akalimimina debeni. Sindano ya mizani ikatetemeka, ikapita mia tatu kidogo tu.

Mtambo ulichukua miezi minane kujengwa. Maji ya bomba bado yalikuja yalipotaka. Wapo pia waliochelewa kumwomba Kazungu radhi, na wengine hawakumwomba kamwe, ingawa ni yeye aliyepewa kazi ya kukusanya madebe kila asubuhi. Lakini siku ile jiko la gesi lilipowashwa, Mwanarusi aliinama akaona moto wa buluu usio na moshi. Nyanya aliweka sufuria ya mbaazi, akangoja kukohoa. Hakukohoa. Mwanarusi, kwa mazoea, alikuwa tayari ameinua mkono juu ya mgongo wake.

Nyanya aliushika ule mkono, akauteremsha taratibu.

"Nikwambie kitu, mjukuu wangu," alisema. "Siku ile ulipoijaza ndoo, hukukosa sana. Ulikuwa na kiu, na bomba lilikuwa linatoa maji. Kosa lilianza ulipoifunika kwa leso, na likakua mimi nilipokwambia unyamaze. Ungesema Jumanne ile ile, watu wangecheka, yakaisha. Tulingoja, na aliyelipa ni Kazungu, ambaye hakuwa na ndoo wala leso. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako."

Nje gurudumu lilikwaruza ukuta. "Hodi! Madebe!" aliita Kazungu.

Mwanarusi alibeba debe la machicha, akamfungulia mlango mwenyewe.