Nywele Mbichi za Ijumaa

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minane, ni fundi cherehani hapa Tanga, nimeachika na sina mtoto. Kabla sijaenda mbali nataka mjue jambo moja: katika mkasa huu mtu mbaya ni mimi. Msihangaike kumtafuta mwingine.

Rukia alikuwa shoga yangu tangu madrasa. Tulikaa mkeka mmoja, tukachapwa bakora moja, na siku nilipozimia msibani kwa kuona maiti ikitolewa ndani, ni yeye aliyenishika mkono hadi kwetu. Tulikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo mtaa mzima ulijua kwamba mimi na maiti hatupikiki chungu kimoja.

Tulipokua Rukia akaolewa na Bakari, mimi nikaolewa na wangu. Kisha Rukia akapata kazi Doha, kusafisha vyumba katika hoteli moja mtaa wa Al Sadd. Bakari akabaki Tanga, na mama yake Rukia vilevile. Ilikuwa miaka ile Qatar imeshapewa Kombe la Dunia, na kila mwenye mikono yake miwili alikuwa anatafuta pa kupenyea.

Mimi huku nikaachwa. Mwaka mzima mume wangu alinizunguka na mwanamke mwingine, na kilichomuumbua ni kwamba alikuwa akirudi nyumbani alasiri amekwisha oga! Mtu katoka dukani, kaogea wapi? Nilikaa na swali hilo miezi mingi, na nilipopata jibu nilikuwa nimeshaharibika. Kila ndoa niliyoitazama niliiona imeoza. Nilikuwa na miaka thelathini.

Rukia alinihurumia. Akaniombea viza ya mwezi mmoja, akaniambia, "Njoo shoga, ulie ukiwa kwangu." Nikafunga mzigo. Siku ya safari Bakari alinifuata, akasema, "Shemeji, wewe ndiyo macho yangu kule." Nikacheka. Mnajua desturi yetu: anayekwenda kumtembelea mtu ughaibuni hurudi na habari zake, na habari hizo huanza kuulizwa hata kabla hajarudi.

Rukia alikuwa amepanga huko Al Wukair, katika nyumba kubwa iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao, pamoja na Njeri, dada wa Kikenya aliyekuwa mlinzi kwenye duka kubwa. Mimi na Rukia tulilala kitanda kimoja, kama zamani. Siku tatu za mwanzo alichukua ruhusa, akanitembeza Al Sadd, akaninunulia shawarma, tukacheka mpaka watu wakageuka. Nikajisemea, sasa nimepona.

Siku ya nne akarudi kazini. Gari la hoteli lilimchukua alfajiri, likamrudisha magharibi hana hali. Njeri naye alikuwa na zamu zake za saa kumi na mbili. Nikabaki mimi na kiyoyozi... Kinavuma, kinanyamaza, kinavuma. Nje jua la Julai, barabara haina hata mtu mmoja anayetembea kwa miguu, na jirani pekee niliyesalimiana naye ni mwenye bakala, kiduka cha pembeni, Mhindi asiyejua neno langu hata moja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata jembe sikupewa! Nilifagia chumba kilichokwisha fagiwa, nikakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Kuna siku nilijaribu kuimba jikoni, sauti ikatoka mikwaruzo mitupu, kwa kuwa sikuwa nimesema na mtu tangu asubuhi. Nilichokuwa nangojea ni Ijumaa tu, siku yake ya mapumziko.

Ijumaa ikafika. Baada ya swala, gari jeupe likasimama nje, likapiga honi. Rukia akafungua friji, akatoa chupa nne za maji alizozigandisha tangu jana, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akachukua na begi lake dogo. Akaniambia ana kazi ya kujitolea na wenzake, wanawasaidia watu wetu wasio na ndugu huku. Nikamuuliza, kuwasaidia nini? Akasema, "Nitakueleza siku moja, shoga." Akatoka. Dirishani nikaona mkono wa kanzu juu ya usukani. Mwanamume!

Alirudi alasiri. Nguo kabadilisha. Ananukia udi. Na nywele zake, chini ya ushungi, zilikuwa mbichi...

Wasomaji, hasa nyinyi wa pwani, mnanielewa. Mwanamke mwenye mume mbali anatoka na gari la mwanamume, anarudi ameoga hadi kichwani. Kaoga kwa sababu gani? Na udi kajifukizia nani? Zile chupa za barafu nazo nilikwisha zipatia maana yake: wamekwenda zao ufukweni, wanywe baridi, wastarehe. Na mimi niliyevuka bahari kwa ajili yake nimeachiwa kiyoyozi!

Sikumuuliza. Nalisema sasa lisije likapotea katikati ya maneno mengine: sikumuuliza. Nilinuna tu.

Jumanne yake alipigiwa simu akiwa anapika. Akaacha sufuria motoni, akatoka na gari lile lile, akarudi na nywele zile zile. Nikamdodosa Njeri. Akanijibu huku anafunga kamba za viatu vyake vya kazi, "Sis, mimi hiyo story yake sijawahi kumuuliza. Hapa kila mtu ako na mambo yake. Lakini Rukia si mtu wa hiyo maneno unafikiria, zii." Nikaona hawa wanafichiana.

Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Jioni yake Rukia alinipikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, chakula nilichokuwa nakiota tangu nifike. Nikasema nimeshiba. Akala peke yake.

Kesho yake mchana Bakari akapiga simu. Akauliza, "Vipi shemeji, mke wangu mzima?" Ningeweza kusema mzima, tukaishia hapo. Badala yake nikalia! Nikamwambia yote: gari jeupe, mwanamume, udi. Nikamwambia na la nywele. Bakari akasema, "Ahsante shemeji, umenitendea udugu."

Je, mnataka kujua nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kuzungumza na mtu kwa muda mrefu. Aibu yangu hiyo, nawapa kama ilivyo.

Siku zikapita kimya. Ijumaa ya tatu honi ikalia, na Rukia akanijia ana wasiwasi. Mwenzake wanayesaidiana naye alikuwa ameugua. Akasema, "Najua unaogopa, na ndiyo maana sikukwambia. Lakini leo niko peke yangu, na kazi hii haiwezekani kwa mtu mmoja. Nisaidie, shoga." Nikauliza kazi gani. Akasema, "Kuosha maiti."

Sijui nilifikaje garini.

Yule mwanamume wa usukani alikuwa Mzee Haji, Mzanzibari mwenye mvi tupu, dereva wa nyumba moja ya Waarabu tangu ujana wake. Mwajiri wake alikuwa akimwachia gari kwa kazi hiyo. Njiani alinieleza kwamba binti wa kwetu akifariki huku hana ndugu, kina Rukia ndio wanaopigiwa simu. Wao wanamwosha na kumkafini, yeye na wenzake wanamzika. Wanawake waliokubali kazi hiyo ya kuosha, kati ya wote aliowaomba, walikuwa wawili tu.

Marehemu alikuwa mfanyakazi wa ndani, mwenyeji wa Lindi, binti mdogo kabisa. Aliugua siku chache tu, akaenda zake. Tulimkuta kwenye chumba cha kuoshea maiti.

Maji ya bomba ya Doha wakati wa kiangazi hutoka ya moto sana, kwa sababu matangi yako juu ya paa, juani. Rukia akafungua zile chupa za barafu, akazimimina kwenye ndoo. Akapima maji kwa ndani ya mkono wake, pale mama anapopimia maji ya kumkogeshea kichanga. Akaongeza kidogo, akapima tena. Akaniambia, "Yawe ya uvuguvugu. Tusimuunguze, hapa hana wa kumlilia."

Kila alipotaka kumgeuza alimwomba radhi kwanza. "Samahani mdogo wangu, nakugeuza." Mimi nilishika kata, na sikuzimia. Tukamkausha, tukaifukiza sanda kwa udi, tukamvika. Kisha tukaoga, mimi na yeye, hadi kichwani, maana ni sunna aliyemwosha maiti naye aoge.

Nikiwa chini ya yale maji nilielewa kila kitu. Ee Mola wangu! Nikataka nisitoke bafuni.

Garini Rukia alinieleza, bila kujua nilichokwisha mwambia Bakari. Mwosha ni mtu wa siri, hatangazi aliowaosha. Tena pale nyumbani wakijua, nani atakula chakula cha mkono wake? Na mimi, mwoga wa maiti, ningekubali kulala naye kitanda kimoja? Alikuwa akigandisha chupa zake na kunyamaza. "Mwosha huoshwa, shoga," akasema. "Na mimi niko mbali na kwetu."

Hapo simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Bakari. Ameandika talaka, na chini yake ameandika kwamba asijisumbue kukana, shahidi ni huyo huyo anayelala naye kitanda kimoja.

Rukia alisoma mara mbili. Akanigeukia. Nywele zake zilikuwa zinadondosha maji mabegani, na zangu vilevile. Akasema neno moja tu.

"Ungeniuliza."

Nililia, nikajipiga kifua. Nilimpigia Bakari hapo hapo, nikamwapia kwa msahafu kwamba nilikosea, Mzee Haji naye akachukua simu akamweleza. Bakari akasema sote tumekula njama na Rukia. Mwezi haukuisha akaoa! Niliporudi ndipo niliposikia mtaani kwamba posa ilikwisha pelekwa siku nyingi, alichokuwa anatafuta ni sababu. Nami nikampelekea mkononi, tena kwa machozi.

Siku zilizobaki Rukia alinipikia, akanifulia, akanisindikiza uwanja wa ndege. Hakunitukana. Bora angenitukana! Alinipa mkono tu, akageuka. Baada ya hapo hakupokea simu yangu hata moja. Miaka saba, wasomaji. Niliujua upweke wa Al Wukair, lakini ule ulikuwa wa mwezi mmoja.

Hapa Tanga nikawafuata wanawake waoshaji wa mtaani kwetu, nikaomba wanifundishe. Walicheka sana, maana wanakumbuka nilivyozimia. Nikajifunza hivyo hivyo.

Mwaka wa saba mama yake Rukia akafariki. Maziko yetu hayangoji mtu wa Doha. Niliposema nitamwosha mimi, ndugu zake walinitazama kwa jicho baya, na walikuwa na haki. Lakini waoshaji tulikuwa wachache, wakaniachia. Nilimwomba radhi kila nilipomgeuza. Niliomba na radhi nyingine, ile ya mwanawe.

Jioni, baada ya maziko, simu yangu ililia. Namba ya Qatar. Nikaitikia, nikasikia kiyoyozi kinavuma. Kisha sauti ya Rukia ikauliza, "Maji yalikuwaje?"

Nikamjibu, "Ya uvuguvugu. Nilipima kwa ndani ya mkono. Mara mbili."

Nilimsikia akilia. Akasema, "Ahsante." Simu ikakatika. Sijaisikia sauti yake tena mpaka leo.

Ndugu zangu mnaosoma, nawasihi. Upweke ukikukaa vibaya utakuonyesha mambo, na mtu aliyekwisha umizwa huona jeraha lake kwenye mwili wa kila mtu. Hata uone gari jeupe, hata uone nywele mbichi, usikimbilie kumpigia mtu wa mbali. Mimi jibu langu lilikuwa limelala ubavuni mwangu kila siku. Mwamshe mwenzako, umuulize.