Injini Iliyonyamazishwa kwa Ajili ya Mkwe

Injini ilizima walipotoka nje ya mwamba, Tumbatu iko nyuma na Nungwi iko mbele, na Ubwa akajua hapo hapo kosa la nani. Lake.

Asubuhi, kabla mkwewe, Bi Riyama, mama wa mkewe, hajapanda, alichukua bisibisi akashusha sailensa, ule mwendo injini inaojizungukia yenyewe bila kuongezwa mafuta. Dizeli ile kongwe ikigonga, unaisikia mpaka kwenye meno. Na mkwe ni mkwe: humtazami usoni, huli naye, utampandishaje kwenye kelele za namna ile? Akaishusha mpaka ikatulia kama paka aliyeshiba. Heshima hiyo, jamani! Kwenye maji shwari ilifaa. Kwenye mawimbi, kila alipopunguza mwendo chombo kisipige, injini ilikosa nguvu ikazima.

Akazungusha hendeli ya kuwashia. Ikawaka, ikazima. Akazungusha tena, na safari hii hendeli ikarudi kinyume, ikampiga kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa ukavunjika.

Mkondo ukawachukua. Simu zilikuwa zimelowa. Nungwi ikapita ubavuni na hoteli zake, ikabaki nyuma, na mbele hakuna ila bahari. Jua likawachoma. Maji ya kunywa waliyagawana kwa kifuniko cha dumu. Bi Riyama, aliyekuwa akienda kumlea mwanawe Sichana, mke wa Ubwa, aliyejifungua juzi, alijitanda kanga, akatapika mpaka ikabaki nyongo. Alasiri ikawakuta hawajasemezana. Wamechoka hata kuogopa.

Mwisho Bi Riyama akasema, uso kaugeuzia baharini, "Aambiwe huyo mwenye chombo, mimi nna mjukuu ananisubiri."

"Mama," Ubwa akajibu akitazama miguu yake, "mkono umevunjika. Na injini nimeishusha mwenyewe, nilikuonea haya kwa zile kelele."

Bi Riyama akageuka, akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu harusi. "Haya gani hizo za kutuua? Lete hiyo bisibisi."

"Legeza nati kwanza," Ubwa akamwelekeza. "Sasa zungusha skrubu, kulia. Kidogo tena."

"Hapa?"

"Hapo. Kaza nati."

Kisha mikono mitatu ikashika hendeli moja, miwili ya mama na mmoja wa mkwewe. Walizungusha, wakapumzika wamejilaza juu ya mbao, wakazungusha tena. Bi Riyama alilia kwa uchovu, wala hakuficha. Hatimaye dizeli ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikaanza kugonga kiasi cha kung'oa misumari. Haikuzima.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kukokota, mkondo uso kwa uso. Ubwa alishika usukani kwa mkono wa kushoto, mwingine umefungwa kwa kipande cha kanga ya mkwewe. Jua lilikuwa linazama walipogusa mchanga wa Nungwi, na Sichana amesimama majini, mtoto kifuani.

"Nani kakutoa nje na uzazi wako?" mama yake akamkaripia, sauti imekauka.

"Hiyo injini. Nimeisikia tangu mko mbali, nikajua mko hai."

Ubwa akaona haya, akanyoosha mkono aizime. Bi Riyama akamshika.

"Iache kidogo, mwanangu," akasema. "Iache igonge."